Jeshi la Taifa na Maadili Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Maswali haya ni ya watu wa mikoa hii miwili: wakulima wa korosho wa Tandahimba na Newala, wavuvi wa Msimbati, wanafunzi wa Masasi, akina mama wa Kitaya na Kilambo wanaoamka kila siku wakiutazama mto Ruvuma. Huku Kusini jeshi tunalijua kwa karibu. Lilikuwa na wapigania uhuru wa Msumbiji Nachingwea, lilikuja wakati wa gesi, likaja tena wakati wa korosho, na tangu machafuko ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yaanze Oktoba 2017 macho yake yako mpakani. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Mengine tumeyamaliza kwa mistari michache.

Jeshi lipo kwa ajili gani hasa?

Lipo ili mwenye nguvu asimfanyie asiye na nguvu anavyotaka. Mpaka unalindwa kwa sababu nyuma yake kuna watu.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 147, inamkataza mtu yeyote, shirika lolote au kikundi chochote kuunda jeshi nchini, isipokuwa Serikali. Maana yake mwananchi wa Nanyumbu amekubali kuishi bila silaha ya kivita na kuiacha mikononi mwa wengine. Hiyo ni amana, na amana ina masharti yake. Sisi tunayaona matatu, na yatajirudia humu: amri itoke kwa mwenye mamlaka halali, nguvu iwe na mpaka, na tendo likishafanyika awepo wa kulijibia. Kundi lenye bunduki likikosa hata sharti moja kati ya hayo, limebaki genge, hata likiwa na bendi na gwaride.

Kwa nini tulipe askari wakati nchi ina amani?

Kwa sababu askari hafundishiki wiki ya vita. Oktoba 2020 wavamizi waliotokea upande wa Msumbiji walishambulia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Siku kama hiyo huna muda wa kuanza kumfundisha mtu kusafisha bunduki, sembuse kumfundisha ni nani wa kutompiga.

Jeshi ni la Serikali, la chama au la Rais?

Jina lenyewe linajibu: Jeshi la Wananchi. Lakini jina hilo lina historia, na asiyeijua ataona ni pambo tu.

Tulipopata uhuru tulirithi Tanganyika Rifles, jeshi lililotokana na King's African Rifles la mkoloni. Maofisa wa juu walikuwa Waingereza. Januari 20, 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara mizuri na kuondolewa kwa maofisa hao. Uasi ukafika Tabora na hadi Nachingwea huku kwetu. Serikali changa ikalazimika kuwaomba Waingereza walewale msaada, na Januari 25 makomando wao wakatua na kuuzima. Aibu ya kumwita mkoloni wa jana ilimfundisha Mwalimu Nyerere jambo moja: askari aliyejifunza utii kwa bwana wa kigeni hajui anamtumikia nani bwana huyo akiondoka. Jeshi lile likavunjwa. Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), likiwa na vijana wengi waliotoka Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambalo lilikuwa limeanzishwa Julai 10, 1963.

Dawa hiyo nayo ilikuwa na madhara yake. Kwa karibu miaka 30 askari alikuwa pia mwanachama wa chama tawala, na jeshi lilikuwa na mkoa wake ndani ya chama. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 mambo yalibadilika. Leo ibara ya 147 inakataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Kura anapiga kama wewe, kwa siri. Na neno mwanajeshi hapo limewekwa pana: linamgusa pia polisi, askari magereza na aliyeko JKT.

Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu kwa ibara ya 33, lakini hata yeye hana jeshi kama mtu alivyo na shamba. Akitangaza hali ya vita, ibara ya 44 inamtaka apeleke nakala ya tangazo kwa Spika, na Bunge liitishwe ndani ya siku 14 ili liunge mkono au likatae.

Vita ya haki ni ipi?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nyingine. Mlango mkubwa ulioachwa wazi ni wa kujilinda, kwa ibara ya 51. Wa pili ni idhini ya Baraza la Usalama. Lakini maadili yanauliza zaidi ya sheria: sababu ni ya kweli au imetafutwa? Njia nyingine zimekwisha? Madhara yatazidi faida? Na ukishashinda, utafanya nini?

Vita ya Kagera inajadilika vizuri kwa maswali hayo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia na kukalia eneo la kaskazini mwa mto Kagera. Mwalimu alipolihutubia taifa Novemba 2 alizungumzia sababu, nia na uwezo wa kumpiga. Watu wengi wanakumbuka uwezo na nia. Kimaadili lenye uzito ni sababu, maana hizo mbili hata mnyang'anyi anazo. Kumfukuza mvamizi hakukuwa na mjadala. Mjadala ulianza jeshi lilipovuka mpaka na kuingia Kampala Aprili 11, 1979. Wapo viongozi wa Afrika waliosema Tanzania imevuka kanuni ya kutoingilia mambo ya nchi nyingine. Waliotetea walisema mvamizi aliyeachwa na jeshi lake zima atarudi. Sisi tunaona hoja ya pili ina nguvu, ila gharama yake inasahaulika upesi: askari wetu walibaki Uganda hadi 1981, na uchumi wa nyumbani ukaumia kwa miaka.

Kuwasaidia wapigania uhuru wa FRELIMO, Msumbiji, kulikuwa kujilinda?

Kwa sehemu. Nachingwea palikuwa na kambi yao kuu ya mafunzo, na vita yao dhidi ya Ureno, iliyoanza Septemba 25, 1964, haikubaki ng'ambo: mabomu ya Wareno yaliwafikia wanakijiji wa upande wetu wa mto. Hoja kuu ilikuwa nyingine, kwamba mtu anayetawaliwa kwa nguvu ana haki ya kupigania uhuru wake, na jirani akimsaidia hafanyi uvamizi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliikubali hoja hiyo na kuweka Kamati yake ya Ukombozi Dar es Salaam mwaka 1963. Msumbiji ikawa huru Juni 25, 1975.

Askari anaweza kukataa amri?

Amri halali hawezi; kuikaidi ni kosa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, na mahakama ya kijeshi ipo. Amri iliyo haramu waziwazi, kama kuua mateka, kubaka au kufyatulia risasi raia waliokaa kimya, anatakiwa kuikataa. Mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, unasema kwamba "niliamriwa" si kinga pale uharamu unapoonekana bila kuhitaji kusomea sheria.

Ugumu uko kwenye kutekeleza. Amri mbaya haiji ikiwa na lebo. Mara nyingi inakuja fupi na yenye ukungu: "Safisheni hilo eneo." "Wamalizeni." Mkubwa amejiachia mlango wa kutokea, na mdogo ndiye atakayebeba damu. Kinachosaidia ni kumlazimisha aliyeiamuru aiseme wazi:

Kwanza, "Afande, naomba urudie amri." Maneno haya peke yake yameokoa watu, kwa sababu mwenye hasira akilazimika kutamka kitu kizima hujisikia mwenyewe.

Pili, uliza ufafanuzi: nani hasa, wapi, na waliosalimu amri wafanyweje?

Tatu, ikibaki ileile, sema wazi kwamba hutaitekeleza na kwa nini, mbele ya shahidi ikiwezekana. Usijifanye hukusikia wala usipige hewani kudanganya.

Nne, andika saa, mahali na maneno yaliyotumika, kisha peleka taarifa kwa mkubwa anayefuata.

Kamanda anayejua kazi yake huzuia hali hiyo kabla haijafika: amri zake zinataja tunachotafuta na tusichogusa, na anauliza askari wa mwisho kwenye mstari ameelewa nini. Na yeye ana deni la ziada. Akijua watu wake wanatenda uhalifu, au alipaswa kujua, na asizuie wala kuadhibu, sheria inamhesabu naye.

Nani haruhusiwi kupigwa?

Raia asiyeshiriki mapigano. Mgonjwa, majeruhi, mganga, nesi na gari la wagonjwa. Askari aliyeinua mikono. Rubani anayeshuka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege inayoanguka. Mikataba ya Geneva ya Agosti 12, 1949 na nyongeza zake za mwaka 1977 zimeandika yote hayo, na Tanzania imefungwa nazo. Kuorodhesha ni rahisi. Shida inaanza gizani.

Chukua mfano. Saa nane usiku, mtumbwi unatoka ng'ambo ya Ruvuma ukielekea upande wa Kilambo. Vivuli vitatu ndani. Huenda ni wapiganaji. Huenda ni mama anayekimbia na watoto wake. Huenda ni wavuvi waliochelewa, au vijana wa magendo ya vitenge. Askari kwenye doria ana bunduki ya SMG yenye risasi 30 na sekunde chache.

Kanuni inasema: ukiwa na shaka kama mtu ni raia, mhesabu raia. Kwa vitendo ni hivi. Askari anajikinga kwanza, nyuma ya mti au kingo ya mto, kwa sababu mtu aliye wazi huogopa, na mwenye hofu hufyatua mapema. Mwenzake aliye kando, mbali naye kidogo, ndiye anayewasha kurunzi, ili kama ni adui risasi ifuate mwanga na isiwafuate wote. Sauti inatoka kwa Kiswahili, kisha kwa Kimakonde, lugha ya kingo zote mbili: simameni, onyesheni mikono. Mikono ndiyo inayotazamwa. Uso, kanzu, ndevu na lugha ya mtu havimfanyi kuwa adui. Mtumbwi ukisimama na mikono ikionekana mitupu, kazi imekuwa ya kukamata na kuhoji. Wa magendo ni mhalifu, anakwenda polisi; si shabaha. Risasi inakuja pale silaha inapoonekana ikielekezwa, au shambulio linapoanza.

Mambo huharibikia wapi? Askari hajalala siku mbili. Kikosi kilivamiwa juzi na kila kivuli kimekuwa kisasi. Hakuna anayejua Kimakonde. Na kosa la kizembe kuliko yote: wavuvi hawakuambiwa saa za kutokuwa mtoni, au waliambiwa lakini zamu mpya ya askari haikuambiwa kuwa wavuvi wameruhusiwa hadi saa nne. Dawa ya hili ni karatasi moja tu kwa mtendaji wa kijiji na kwa viongozi wa wavuvi, na nakala yake kwa kila kamanda wa zamu anayepokea.

Kanuni ya pili ni ya kadiri. Hata shabaha ikiwa halali, madhara kwa raia yasizidi faida ya kijeshi inayotarajiwa. Mpiganaji mmoja aliyejificha nyuma ya shule hawezi kuwa sababu ya kuishushia mota shule yenye watoto. Bomu la mota linapiga eneo, halichagui mtu. Hapo kamanda anazingira, anasubiri, anahamisha watu, au anamwacha aende leo.

Adui akitumia unyama, sisi tufungwe mikono na sheria?

Ndiyo. Kulipiza kisasi kwa raia kumekatazwa hata kama upande wa pili umeanza. Wengi hawapendi jibu hili, na tunaelewa, hasa kwa waliozika ndugu. Lakini kuna hesabu ya kivita pia: kijiji kilichopigwa na askari wa Serikali hakitoi tena habari, na vita ya msituni bila habari haishindiki.

Mateka anashughulikiwaje?

Anavuliwa silaha na kupekuliwa, mwanamke akipekuliwa na mwanamke. Anatenganishwa na wenzake, hasa viongozi wao, wasipange. Anaondolewa haraka eneo la mapigano. Jeraha linafungwa kwa zamu ya uzito wake, si kwa bendera, kwa hiyo adui anayevuja damu sana anatangulia askari wetu aliyekwaruzwa. Maji na chakula anapata. Kadi inaandikwa hapo hapo: jina, siku, saa, mahali alipokamatwa, aliyemkamata, vitu alivyokutwa navyo.

Katika vita kati ya nchi, mateka analazimika kutaja jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi tu. Kumpiga ili aseme zaidi ni uhalifu, na habari inayotoka kwa kipigo mara nyingi ni ile mpigaji anayotaka kuisikia. Kumpiga picha za kumdhalilisha na kuzituma kwenye simu nako ni kosa. Siku hizi ndilo kosa linalofanyika kirahisi zaidi, kwa sababu kila askari ana kamera mfukoni.

Hatari kubwa kwa mateka ni saa za kwanza, kati ya aliyemkamata na kambi. Ndiyo maana kadi inaandikwa mapema: mtu aliyekwisha kuandikwa ni vigumu kupotea.

Kwa nini mnasisitiza sana chakula na maji?

Kwa sababu ardhi hii inajua njaa ya vita kuliko risasi yake. Maji Maji ilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, Kilwa. Wajerumani walipoona hawawezi kuwamaliza wapiganaji waliotawanyika, waligeukia vijiji: maghala yakachomwa, mazao yakaharibiwa, mifugo ikachukuliwa. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Wapiganaji walikuwa sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo.

Miaka 10 baadaye njaa ikarudi na Vita Kuu ya Kwanza. Mahiwa, bara kidogo kutoka Lindi mjini, Oktoba 15 hadi 18, 1917, majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalichinjana kwa siku nne. Waliokufa pande zote mbili wengi walikuwa Waafrika: Wanigeria na askari wa King's African Rifles upande wa Mwingereza, askari weusi wa Mjerumani upande ule. Nyuma yao walikuwapo wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu, waliokufa kwa maradhi na njaa bila hata kushika bunduki. Na majeshi yote mawili yalikula kutoka vijijini. Watu wakabaki kuchimba mizizi porini, na si kwa hamu ya ming'oko, mizizi ya porini inayopendwa huku.

Leo kumnyima raia chakula kama mbinu ya vita kumekatazwa. Ghala la mtama, shamba, mbuzi, kisima na mtambo wa maji havipigwi wala haviharibiwi ili kuwaumiza raia. Kikosi kikihitaji chakula kijijini kinanunua, kinalipa, kinaandika risiti. Kuku mmoja aliyechukuliwa bure na askari ataongelewa kwenye kijiwe kwa miaka.

Ilikuwa sawa kuleta jeshi Mtwara wakati wa gesi, 2013?

Tuanze na yanayojulikana. Mvutano kuhusu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam ulizaa maandamano mwishoni mwa 2012, vurugu za Januari 2013 zilizofika Masasi, na vurugu za Mei 22, 2013 baada ya bajeti ya nishati kusomwa bungeni. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zilichomwa, jeshi likaletwa. Wakazi walilalamika kupigwa na kusumbuliwa. Serikali ilisema inarejesha utulivu.

Sheria inaruhusu jeshi kuusaidia utawala wa kiraia. Kimaadili tunatazama mambo manne: polisi wameshindwa kweli, au wamerukwa? Mamlaka ya kiraia imeomba rasmi? Askari wamepewa mipaka ya nguvu iliyoandikwa? Kuna tarehe ya kuondoka?

Sababu ya ukali huu ni mafunzo. Polisi anafundishwa kumkamata mtu akiwa hai afikishwe mahakamani. Askari wa vita anafundishwa kuvunja uwezo wa adui. Ukimweka huyu wa pili mbele ya kijana mwenye jiwe, unamwomba asahau kwa nusu saa alichofundishwa kwa miaka. Anaweza, ila kwa kuandaliwa: sauti kwanza, ngao na fimbo kabla ya bunduki, risasi za moto kwa hatari ya uhai tu. Na risasi za kutisha hewani hazina usalama mtaani. Kila inayopanda inashuka, na Magomeni au Chikongola, hapa Mtwara mjini, mabati yamebanana.

Yaliyokuwa nyuma ya vurugu zile yalikuwa ya kisiasa: nani anufaike na rasilimali. Jeshi linaweza kuzima moto barabarani. Swali lenyewe haliwezi kulijibu, na si haki kulitwika.

Na kubeba korosho, ni kazi ya jeshi?

Novemba 2018 wanunuzi waliposuasua kwenye bei, Rais Magufuli aliamua Serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lisombe mzigo. Yalitajwa malori 75 yenye uwezo wa kubeba tani 1,500 kwa mpigo. Kwa kusomba, hakuna shaka, jeshi linajua. Lori la jeshi lipo, dereva yupo, mafuta yapo, na nidhamu ya kuhesabu magunia ipo.

Wasiwasi ni mwingine. Kuhakiki mkulima halali ni nani na mwenye kangomba, yaani mnunuzi wa kinyemela, ni nani ni kazi ya kiraia yenye rufaa na malalamiko, na mkulima wa Tandahimba hajibizani sawasawa na mtu mwenye kombati. Waliocheleweshewa malipo walikuwa na mengi ya kusema, na wengi waliyasemea chumbani. Msaada wa dharura kama mafuriko, daraja lililosombwa au kimbunga ni kazi safi kwa jeshi. Biashara ya msimu mzima, tungeikwepa.

Askari wetu waliopelekwa Kongo na Darfur walimlinda nani?

Raia wa huko, kwa idhini ya Umoja wa Mataifa. Azimio 2098 la Machi 2013 liliunda kikosi maalumu cha mashambulizi mashariki mwa Kongo chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Gharama ni ya kweli: Julai 13, 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur, na Desemba 7, 2017 zaidi ya 10 waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini.

Mlinda amani ana sharti ambalo wengi hawalijui: haruhusiwi kubadilishana fedha, chakula au msaada kwa ngono, hata kama aliyemfuata ni mtu mzima na amekubali, na hata pale biashara hiyo inaporuhusiwa na sheria ya nchi. Mwenye njaa mbele ya mwenye mgao hana ridhaa kamili.

Nimekuta kitu kama bomu shambani. Nifanye nini?

Usikiguse, usikitupie jiwe, usikimwagie maji. Simama. Rudi kwa kukanyaga nyayo zako mwenyewe. Ukifika penye njia ya kawaida, funga kitambaa au panga matawi pembeni kama alama. Usirudi karibu kuweka alama nzuri zaidi. Kaa mita 100 au zaidi, nyuma ya kitu kigumu, na zuia watoto. Mwambie mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, au piga 112. Eleza rangi, ukubwa na mahali. Picha piga tu kama ulikuwa tayari mbali.

Makosa mawili yanaua zaidi. La kwanza ni kuchoma shamba moto wakati wa kusafisha ukijua kuna kitu kimelala humo. La pili ni vyuma chakavu: mtu anakata ganda la bomu kwa msumeno ili auze shaba. Kutu haidhoofishi baruti. Mara nyingi hukifanya kitu kiwe chepesi zaidi kulipuka.

Jeshi nalo lina wajibu hapa. Milipuko ya maghala ya silaha ya Mbagala, Aprili 29, 2009, na Gongo la Mboto, Februari 16, 2011, iliua raia waliokuwa nyumbani kwao. Kuhifadhi risasi kwa joto linalofaa, kuzikagua, kuteketeza zilizozeeka na kuweka nafasi kati ya ghala na makazi ni maadili, hata kama hakuna anayeyaimba kwenye gwaride.

Askari amenionea. Naanzia wapi?

Kwanza jua ni nani. Watu huita kila mwenye kombati "mjeshi", lakini FFU ni polisi, na mgambo yuko chini ya jeshi la akiba la wilaya. Namba ya gari inasaidia: PT ni polisi, MT ni magereza, JW ni JWTZ. Jina huandikwa kifuani.

Ukiwa na jeraha, nenda polisi uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali. Kama hali ni mbaya, hospitali kwanza na PF3 ifuate. Daktari aandike kila jeraha na ukubwa wake. Chukua namba ya RB, yaani ya taarifa yako iliyoandikwa polisi. Andika siku hiyohiyo saa, mahali na mashahidi. Kisha barua, nakala mbili: moja kwa kamanda wa kikosi, ya pili ubaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko. Askari aliyetenda kosa la jinai uraiani anaweza kushtakiwa mahakama za kawaida kama mtu mwingine.

Kinachoua kesi nyingi ni kwenda wiki ya tatu, uvimbe umeshapungua na shahidi amehamia Dar.

Mwanangu anataka kujiunga. Kuna mtu anaomba hela ya "kumshika mkono".

Ni tapeli. Nafasi za JKT na JWTZ haziuzwi. Za JKT za kujitolea hupitia kijiji au mtaa, wilaya, kisha mkoa. Na kijana aliyeingia kwa rushwa ataitafuta fedha hiyo baadaye, akiwa na bunduki.

Naruhusiwa kuvaa kombati ya mtumba?

Hapana, hata kofia tu. Raia wanaokimbia shambulio huangalia vazi kujua wamkimbilie nani, na wavamizi wanalijua hilo.

Waliokufa wanazikwaje, na adui je?

Wetu waliofia Msumbiji, walikopelekwa mwishoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya waasi wa RENAMO, wana makaburi yao Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini. Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na viongozi wa dini huomba dua kila mmoja kwa imani yake.

Adui naye hazikwi kama mzoga. Anatafutwa baada ya mapigano, anahakikiwa kuwa amekufa kweli, na anazikwa peke yake inapowezekana, kwa desturi za dini yake zikijulikana. Vitu vyake vya binafsi, kama barua, pete na picha ya mtoto, vinafungwa na kuandikwa ili vifike kwao. Kibati chake cha utambulisho kikiwa cha vipande viwili, kimoja kinapelekwa kwa upande wake, kingine kinabaki na mwili. Kisha kaburi linawekewa alama na kuandikwa kwenye ramani, ili siku moja mama yake akivuka Daraja la Umoja, juu ya Ruvuma, kumtafuta, awepo wa kumwonyesha pa kusimama.